Uwanja wa majina matatu: jina la ubao na jina la watu



Katika ukurasa huu wa historia tumezoea kuandika mambo ya karibu: njia za kukimbilia, kambi, mitumbwi ya ziwa. Safari hii tunaenda mpaka Kinshasa, kwenye uwanja wa mpira wa zamani unaoitwa leo Stade Tata Raphaël, katika komini ya Kalamu. Mtu wa Uvira, wa bonde la Ruzizi au wa Fizi anaweza kuuliza: sisi inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kijiji kimoja cha bonde letu kinaingia katika hadithi hiyo, nanyi mtakiona. Ya pili ni kazi yetu ya kila siku. Tunapokaa na wanachama waliorudi, tunakuta shida ile ile: mtu anajua parseli yake, lakini avenyu imebadilishwa jina, alama za mpaka hazipo, na mwingine amekaa ndani na karatasi mkononi. Uwanja ule umepita katika mambo kama hayo mbele ya macho ya nchi nzima, kwa hiyo unaweza kutufundisha.

Padri alijenga, mfalme akaandikwa

Mjenzi wa uwanja alikuwa padri Mbelgiji wa shirika la Scheut, Raphaël de la Kethulle de Ryhove. Alizaliwa 1890, akafika Kongo 1917, na karibu maisha yake yote alikaa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Alifungua masomo, alipanga vikundi vya vijana, na alipenda mpira kupita kiasi. Timu ambayo leo tunaiita Daring Club Motema Pembe ilianzishwa naye 1936. Mwaka 1937 alikuwa amekwisha kuwapatia watu weusi uwanja wa kwanza, Stade Reine Astrid. Watu wa mji walimwita Tata Raphaël. Tata kwa Lingala ni baba.

Tusimfanye malaika. Wakati ule mji uligawanywa: Wazungu upande wao, watu weusi katika "cité". Vyama vya siasa vilikatazwa kwa watu weusi, na mpira ulikuwa mojawapo ya mambo machache waliyoruhusiwa kujipangia pamoja. Wakubwa wa koloni waliona ni afadhali kijana apige mpira kuliko afanye mikutano. Padri alifanya kazi ndani ya utaratibu ule ule. Lakini watoto aliowafundisha waliona mtu aliyewajua kwa majina yao, na jina walilompa lilitoka kwao, si kwa gavana.

Uwanja mkubwa ulifunguliwa 1952. Mwaka uliotangulia Ubelgiji ilikuwa imepata mfalme mpya, kijana, Baudouin. Basi ubao ukaandikwa Stade Roi Baudouin. Padri aliyejenga hakuandikwa. Alikufa 1956, na jina la mfalme lilikuwa bado juu ya mlango.

Jumapili moja ya Januari

Wakoloni walitaka uwanja uwatulize watu. Kumbe pale ndipo watu walipojiona kwa mara ya kwanza namna walivyo wengi. Juni 1957 timu ya Union Saint-Gilloise ilikuja kutoka Brussels kucheza na timu ya Léopoldville. Watu waliona refa, Mbelgiji naye, anawapendelea wageni. Mechi ilipoisha mawe yaliruka, na magari ya Wazungu yalivunjwa vioo. Ilikuwa bado miaka mitatu kabla ya uhuru, na mtu mwenye akili angeweza kuona kinachokuja.

Kisha ikafika Jumapili ya tarehe 4 Januari 1959. Siku hiyo mambo mawili yalipangwa upande mmoja wa mji. Uwanjani V.Club ilicheza na Mikado. Karibu na hapo, kwenye jengo la YMCA, wafuasi wa ABAKO, chama cha Joseph Kasa-Vubu, walikuja kwa mkutano ambao wakubwa hawakukubali ufanyike. Kasa-Vubu aliwaambia watu warudi nyumbani, mkutano umeahirishwa. Hawakutaka kurudi. Wakati huohuo mechi ikaisha, V.Club imefungwa, na maelfu ya watu wakatoka uwanjani wakiwa na hasira. Makundi mawili yakakutana njiani. Fujo iliendelea siku kadhaa. Hesabu ya serikali ya koloni ilisema wamekufa watu karibu 50. Wakongo wengi hawakukubali hesabu hiyo, walisema ni wengi zaidi.

Siku tisa baadaye, tarehe 13 Januari 1959, mfalme Baudouin alisema kwenye redio kwamba Kongo itaongozwa mpaka uhuru. Mfalme mwenye jina lake juu ya uwanja alilazimishwa kusema neno hilo na watu waliotoka katika uwanja huo. Uhuru ulifika 30 Juni 1960. Ndiyo maana mpaka leo tarehe 4 Januari ofisi zinafungwa: ni siku ya mashujaa waliokufa kwa ajili ya uhuru. Watoto wetu wanaipenda kwa sababu hawaendi masomo. Tuwaelezee kwamba ilianzia, kwa sehemu, kwenye mlango wa uwanja wa mpira.

Jina la pili: tarehe ya chama

Mobutu alichukua utawala 1965. Léopoldville ikawa Kinshasa 1966. Tarehe 20 Mei 1967 chama chake, MPR, kikazaliwa, na uwanja ukapewa tarehe hiyo: Stade du 20 Mai. Ilikuwa namna ya wakati ule. Kutoka 1971 nchi yenyewe na mto vikaitwa Zaire, kama pesa ilivyokwisha kuitwa. Mwaka 1972 hata watu walilazimishwa kuacha majina ya Kikristo. Wazee wetu wengi wana karatasi mbili zenye majina mawili ya mtu mmoja, na leo jambo hilo linawasumbua kwenye biro ya Leta.

Hata hivyo, chini ya jina hilo la pili uwanja ulipata siku zake kubwa. Desemba 1973 ilikuwa mwezi wa ajabu. Tarehe 9 Zaire iliifunga Moroko mabao 3 kwa 0 na kupata tiketi ya Kombe la Dunia la 1974, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Wiki moja baadaye, tarehe 16, V.Club iliifunga Asante Kotoko ya Ghana 3 kwa 0 na kuchukua kombe la klabu bingwa za Afrika.

Na halafu ngumi. Muhammad Ali na George Foreman walipaswa kupigana tarehe 25 Septemba 1974. Foreman akapasuliwa juu ya jicho wakati wa mazoezi, pambano likasogezwa mpaka 30 Oktoba. Tamasha la muziki lililopangwa pamoja nalo halikungoja, lilifanyika Septemba ileile. Mobutu alitaka dunia ijue jina la Zaire; kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, katika nchi ambayo walimu walingoja mishahara. Pambano lilianza karibu saa kumi za usiku, kwa sababu lilipangwa kwa saa za watazamaji wa televisheni wa Marekani. Watu wa Kinshasa walikesha katikati ya uwanja wao wenyewe wakingoja saa ya watu wengine. Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya nane. Baada ya hapo mvua kubwa ikanyesha, uwanja ukajaa maji. Kama ingenyesha mapema kidogo, kusingekuwa na pambano.

Mobutu mwenyewe hakufika uwanjani, alitazama kwenye televisheni. Na mwandishi Mmarekani Norman Mailer, katika kitabu chake juu ya pambano lile, alisimulia habari iliyokuwa inazunguka mjini: kwamba kabla ya wageni kuja, watu waliohesabiwa kuwa wezi walikamatwa na kufungwa katika vyumba vilivyo chini ya majukwaa, na wengine wakauawa ili mji utulie. Juu, nyimbo, chini, vyumba. Tunaandika hili kwa sababu wengi kati yetu tunajua uwanja au darasa linavyoweza kuwa mahali pa furaha Jumapili, na mahali pa kufungia watu Jumatatu.

Kamanyola yetu, na Kamanyola ya Kinshasa

Hapa ndipo bonde letu linapoingia. Baada ya miaka, Mobutu alitaka uwanja mpya, mkubwa zaidi. Wachina waliujenga, watu 80,000 wanaweza kukaa, na ulianza kutumika 1994. Uliitwa Stade Kamanyola.

Kamanyola tunaijua sote. Ipo kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Uvira na Bukavu, pale Kongo, Rwanda na Burundi zinapokutana. Tunasimama pale kununua nyanya na ndizi, na kuonyesha vitambulisho. Mwaka 1964, Mei, Uvira iliingia mikononi mwa waasi wa upande wa Soumialot, na jeshi la serikali likaanza kurudi nyuma bondeni. Juni, Mobutu, mkuu wa jeshi wakati ule, alikuja mwenyewe Kamanyola kuwasimamisha askari wasikimbie. Kutoka siku hiyo akafanya kijiji hiki kuwa alama ya ushujaa wake. Meli yake ya mtoni iliitwa Kamanyola. Kikosi cha jeshi kiliitwa Kamanyola. Mwishoni, uwanja.

Sasa tuulize: kijiji kilipata nini katika hayo yote? Jina lake lilikwenda Kinshasa, lakini barabara, maji na hospitali havikurudi na jina. Na jina lenyewe halikudumu kule. Mei 1997 Mobutu alianguka, na uwanja mkubwa ukaitwa Stade des Martyrs de la Pentecôte. Ni kumbukumbu ya watu wanne wa siasa, mmoja wao Évariste Kimba aliyekuwa waziri mkuu, ambao Mobutu aliwanyonga mbele ya watu upande huohuo wa mji, Juni 1966. Kamanyola ya Kinshasa iliishi miaka mitatu tu juu ya ubao.

Kamanyola yetu bado ipo, na kumbukumbu zake ni nyingine. Wale wanaoishi pale hawaongei sana juu ya 1964. Wanakumbuka Septemba 2017, wakati wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 walipouawa kwa risasi pale kijijini. Hakuna uwanja ulioitwa kwa ajili yao.

Jina la tatu, lililokuwa la kwanza

Mwaka huohuo wa 1997 ubao wa Stade du 20 Mai uliondolewa pia. Hapo wangeweza kuandika jina la mkubwa mpya. Waliandika Tata Raphaël. Padri alikuwa amekufa zaidi ya miaka 40. Jina lake halikuwa juu ya uwanja wakati wa Wabelgiji, wala wakati wa Mobutu. Lilikaa wapi? Lilikaa kwa watu: kwa waliosoma kwake, kwa waliocheza katika timu zake, kwa watoto waliosikia baba zao wakilitaja. Wakati ulipofika, lilikuwepo, tayari.

Na jina la mfalme? Lilipata nyumba nyingine. Kule Brussels kuna uwanja wa Heysel, ambapo tarehe 29 Mei 1985 watu 39 walikufa kabla ya fainali ya klabu za Ulaya. Walipoujenga upya, 1995, waliuita Roi Baudouin. Hata Ulaya jina jipya linaweza kuwekwa juu ya msiba. Na jirani zetu wa Bujumbura nao: uwanja wa Prince Louis Rwagasore, unaoitwa kwa jina la mwana wa mfalme aliyeuawa Oktoba 1961, ulibadilishwa 2019 na kuwa Intwari, yaani mashujaa. Kila utawala una rangi yake na burashi yake.

Kubadilisha jina hakukuleta usalama. Tarehe 11 Mei 2014, V.Club ilipocheza na TP Mazembe pale Tata Raphaël, fujo ilianza, polisi walirusha gesi ya machozi, watu wakakanyagana. Walikufa watu wasiopungua 15. Miaka hiyohiyo waandishi waliokwenda kutafuta kumbukumbu za Ali walikuta familia zinaishi chini ya majukwaa, nguo zimeanikwa pale mabondia walipopita. Uwanja ulitengenezwa tena kwa ajili ya michezo ya Francophonie iliyofanyika Kinshasa kutoka 28 Julai mpaka 6 Agosti 2023. Familia zile nazo zilikuwa na historia yao ndani ya kuta zile, lakini historia ya mtu asiye na karatasi ni ya kwanza kusahauliwa.

Inatufundisha nini sisi tuliorudi

Turudi Uvira. Desemba ileile ya 1973 watu walipoimba kwa ajili ya V.Club, kulikuwa na jambo lingine la mwaka huo ambalo wachache walilisikia. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ya nchi ni mali ya Leta. Mtu anapata haki ya kuitumia, na karatasi inayothibitisha haki hiyo ni certificat d'enregistrement. Wanachama wetu wengi hawajawahi kuishika karatasi hiyo. Walipata mahali kwa mwami, kwa babu, au kwa kununua mbele ya mashahidi. Kisha ikaja 1996, ikaja 1998. Wengine walivuka ziwa mpaka Nyarugusu na Lugufu, wengine Burundi. Walipoanza kurudi kwa meli mpaka Baraka, kutoka 2005, walikuta watu ndani.

Ubaya ni huu: mtu aliyebaki, au aliyekuja nyuma yako, akienda kupata certificat juu ya parseli yako, na ikapita miaka miwili, sheria inamlinda sana. Wewe unabaki kudai fidia, na fidia ni nadra kuiona. Saa inahesabu hata kama wewe uko kambini na hujui. Halafu maji nayo yamechangia. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ulibomoa maelfu ya nyumba Uvira, ukafuta miti ya mipaka, mawe na vijia ambavyo ndivyo vilikuwa karatasi za watu wasio na karatasi.

Kwa hiyo ubao si kitu kidogo. Watu wa kawaida tunapenda kusema kwamba wakubwa wanabadilisha majina lakini sisi tunajua ukweli. Ni kweli, lakini haitoshi. Jina la Tata Raphaël lilirudi kwa sababu maelfu ya watu wa mji mmoja walikaa pamoja na kulikumbuka. Sisi tulitawanyika. Mzee mmoja amebaki Kigoma, mwingine Bujumbura, mwingine amekufa Nyarugusu na kumbukumbu yake ya mipaka. Kumbukumbu iliyotawanyika haiwezi kusimama peke yake mbele ya karatasi yenye muhuri.

Tunachoomba ni kidogo, na kinaweza kuanza wiki hii. Kila mwanachama aandike katika kaye mambo haya juu ya mahali pake: jina la sasa la avenyu na la kartie, na majina yote ya zamani anayoyajua, majina ya majirani wa pande nne, wa zamani na wa sasa, alama zilizokuwepo, mwembe, mfereji, kaburi, kisima, mwaka wa kuingia, mwaka wa kukimbia, mwaka wa kurudi, na majina yote mawili kama mzee alibadilishwa jina 1972. Mashahidi watatu wasikilizwe na waweke sahihi au dole, kama inawezekana mbele ya shefu wa kartie. Mkivuka kwenda Burundi au Tanzania, mbebe kaye hizo mkawaulize wazee waliobaki huko. Nakala moja ibaki kwenu, moja ije kwenye ofisi ya chama. Hiyo si certificat, tusidanganyane. Lakini mbele ya wapatanishi, mbele ya mwami na hata kortini, mtu anayekuja na maneno matatu yaliyoandikwa ya majirani anasikilizwa kuliko anayekuja na machozi.

Kwa wafadhili tunasema hivi kwa heshima: mabati na mbegu tunayashukuru sana. Lakini mabati juu ya parseli ambayo kesho itadaiwa na mwingine ni mabati ya mwingine. Saa za kukaa na mzee chini ya mti, karatasi, kalamu, tiketi ya mtumbwi na gharama ya kufungua dosie kwenye biro ya ardhi hazionekani vizuri kwenye picha za ripoti, na bado ndizo zinazofanya nyumba ibaki ya mwenyewe.

Uwanja ule wa Kinshasa umesimama zaidi ya miaka 70 na umebeba mfalme, tarehe ya chama, na padri. Wazee wanaojua mipaka yetu hawana miaka 70 mingine ya kungoja. Tuwaulize wakati bado wanajibu.